London Mwishoni mwa Msimu wa Kupukutika Majani: Mambo ya Kufanya na Mafunzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayepata nafasi ya kusoma jijini London aghalabu hufika huko Septemba, mwaka wa masomo unapoanza. Kabla hajazizoea njia za mji, Novemba huwa imeingia, nayo humpokea kwa giza la mapema, manyunyu na miti iliyobaki matawi matupu. Wengi hujifungia vyumbani wakihesabu siku, kana kwamba jiji limelala hadi Krismasi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Mwishoni mwa msimu huu ndipo London inapojishughulisha zaidi na kumbukumbu. Hukumbuka njama iliyoshindwa, hukumbuka wafu wake wa vita, na baridi huwasukuma watu kwenye makumbusho, maktaba na kumbi za maonyesho. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hii ni fursa ya kuuliza swali zito: katika kumbukumbu hizo, lugha yake na watu wake wamewekwa wapi? Makala yanaanza na suala la istilahi, kisha yanaeleza hali ya nuru na baridi, na hatimaye yanajadili shughuli za nje, za ukumbusho na za ndani.

2.0 Tatizo la istilahi: vuli, demani au kupukutika?

Huko Uingereza msimu unaozungumziwa huhesabiwa kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba. Wafasiri wa Kiswahili hawajaafikiana juu ya jina lake. Wapo wanaouita vuli, wapo wanaouita demani, na wapo wanaotumia maelezo marefu kama majira ya kupukutika majani.

Vuli, kwa mwenyeji wa Afrika Mashariki, ni kipindi cha mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hesabu ya miezi, neno hili linakaribia sana kipindi cha London. Kwa maana, hata hivyo, mambo mawili haya yanakwenda kinyume. Vuli ni wakati wa kupanda: ardhi hulainika, mbegu huota na nyasi hurudisha rangi. Msimu wa London ni wa kuagana na kijani. Mfasiri anayeandika "vuli ya London" bila ufafanuzi humjengea msomaji wake wa Machakos au Kilifi picha ya shamba linalochipua, ilhali matini asilia inazungumzia miti inayoachwa uchi. Demani nayo ni istilahi ya watu wa bahari: ni kipindi ambacho upepo wa kusi hupungua nguvu na bahari hutulia. Haihusiani na majani.

Ni muhimu kutanabahisha kwamba Kiswahili hakikosi kitenzi cha jambo lenyewe. Kupukutika ni kuanguka kwa vitu vingi vidogo, kimoja baada ya kingine, kama inavyofanya mibuyu ya pwani wakati wa ukame. Tofauti iko katika sababu. Mbuyu hupukutisha majani ili kuhifadhi maji. Mti wa London hufanya hivyo kwa sababu mchana umefupika na baridi inakuja. Chembechembe za kijani huvunjwavunjwa, rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa hujitokeza, kisha tabaka jembamba hujengeka kwenye kikonyo na kulitenga jani na tawi. Kwa hivyo, makala haya yanatumia "msimu wa kupukutika majani", na yanapendekeza kwamba neno vuli libakie kwa mvua zake.

3.0 Nuru, saa na mavazi

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Tofauti kati ya London na Nairobi, iliyokuwa saa mbili, huwa saa tatu. Mwanafunzi anayepigia wazazi simu baada ya chakula cha jioni hana budi kukumbuka kwamba nyumbani pengine wamekwisha lala.

Jambo la kuvutia zaidi ni namna majira hayo yanavyoitikisa saa ya Kiswahili. Hesabu ya saa katika Kiswahili imejengwa juu ya jua la karibu na Ikweta: saa kumi na mbili alfajiri hukaribia macheo na saa kumi na mbili jioni hukaribia machweo, mwaka mzima. Mwishoni mwa Novemba, jua la London huchomoza takriban saa moja na dakika arubaini na kutua kabla ya saa kumi. Mchana mzima hauzidi sana saa nane. Maneno asubuhi, alasiri na jioni hulegea: Mwislamu huswali Magharibi wakati ambao wenzake wa Mombasa huuita alasiri, na mwanafunzi anayesema "tuonane saa kumi na moja jioni" huwa ameagana na mwenzake usiku. Huu ni ushahidi bora wa kiisimujamii kwamba mfumo wa wakati katika lugha hubeba jiografia ya wasemaji wake.

Kutokana na hali hiyo, kanuni ya kwanza kwa mgeni ni kupanga siku kwa kufuata nuru. Shughuli za nje zifanywe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Za ndani ziachiwe giza. Joto huwa kati ya nyuzi 5 na 12 hivi, ambalo si kali kama wengi wanavyohofia, lakini unyevu na upepo hulifanya lipenye mifupani. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hufaa kuliko koti moja zito, kwani ndani ya majengo na magari kuna joto. Mkenya mwangalifu anaweza kujinunulia koti, skafu na glavu huko Gikomba kwa bei nafuu kabla ya safari.

Dhana nyingine ya kusahihishwa ni ile ya ukungu. Riwaya ya Charles Dickens, Bleak House, iliyokamilika mwaka 1853, hufunguka kwa London ya Novemba iliyozama katika tope na ukungu, na vizazi vya wasomaji vimeishi na picha hiyo. Ukungu huo mzito ulichanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Desemba 1952 hewa hiyo chafu iliua watu wasiopungua 4,000, na mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti moshi. Mgeni wa leo anayetarajia London ya Dickens atakuta mvua nyepesi na anga la kijivu tu.

4.0 Shughuli za nje

4.1 Bustani na mandhari

London ina bustani kubwa zisizotoza kiingilio. Richmond Park, iliyozungushiwa ukuta na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1637, ina mamia ya paa wakubwa wanaotembea huru. Kaskazini mwa jiji kuna Hampstead Heath, ambako kilimani mtu huliona jiji lote likiwa chini yake. Karibu na hapo imehifadhiwa nyumba alimoishi mshairi John Keats kati ya 1818 na 1820. Utenzi wake maarufu kuhusu msimu huu aliutunga Septemba 1819, akiwa mji wa Winchester. Msomaji makini atagundua kwamba Keats alisifu mwanzo wa msimu, wakati wa matunda na mavuno. Mwisho wake, wenye matawi matupu na ardhi iliyofunikwa majani yaliyolowa, unadai msamiati mwingine.

Hapa pana zoezi zuri kwa mtunzi chipukizi: atembee bustanini na daftari, kisha ajaribu kueleza anachokiona kwa Kiswahili bila kukimbilia maneno ya kukopa. Mlio wa majani makavu chini ya viatu utaitwaje? Harufu ya majani yanayooza? Rangi iliyo kati ya dhahabu na kutu? Zoezi hili humfunza mwanafunzi utajiri wa lugha yake na mipaka yake kwa wakati mmoja.

Anayehemewa na baridi anaweza kulipa kiingilio cha bustani ya Kew na kuingia katika Palm House, jumba la chuma na vioo lililojengwa kati ya 1844 na 1848. Ndani yake mna joto na unyevu wa kitropiki, pamoja na mimea ya nchi za joto. Ni faraja kwa mtu wa pwani. Hata hivyo, jumba hilo pia ni somo la historia: dola iliyokusanya mimea ya dunia chini ya vioo ndiyo iliyokusanya miswada na ngoma, kama itakavyoonekana hapo mbele.

4.2 Fataki na maandamano

Usiku wa tarehe 5 Novemba, na mwishoni mwa wiki iliyo karibu, anga la London huwaka fataki. Asili yake ni mwaka 1605, ambapo kundi la Wakatoliki likiongozwa na Robert Catesby lilikula njama ya kulipua Bunge pamoja na Mfalme James wa Kwanza. Guy Fawkes alikamatwa akilinda mapipa 36 ya baruti chini ya jengo hilo. Sheria iliamuru siku hiyo iwe ya shukrani kila mwaka, na ilidumu hadi ilipofutwa mwaka 1859. Sheria ilikufa, mila ikabaki: watu huwasha mioto mikubwa, na sehemu nyingine sanamu ya Fawkes huchomwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atafaidika kuitazama sherehe hii kama maigizo ya jamii. Ni nini hutokea kwa tukio la chuki za kidini linapogeuka burudani ya watoto? Na nani huamua lini kichekesho kimeanza na uchungu umekwisha?

Jumamosi ya pili ya Novemba hufanyika pia maandamano ya Meya wa eneo kongwe la kibiashara, liitwalo City. Chanzo chake ni hati ya Mfalme John ya mwaka 1215. Mitaani, wachuuzi huuza chestnut, aina ya kokwa zinazochomwa juu ya makaa, na moshi wao humkumbusha Mkenya mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara.

5.0 Ukumbusho wa wafu: majina yaliyopo na yasiyokuwepo

Kuanzia mwisho wa Oktoba, watu wengi huonekana wamebandika ua jekundu kifuani. Desturi hii ilianza Uingereza mwaka 1921 kwa ajili ya waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Jumapili ya pili ya Novemba, viongozi wa nchi hukusanyika Whitehall, mbele ya mnara wa Cenotaph uliobuniwa na Edwin Lutyens na kuzinduliwa tarehe 11 Novemba 1920. Jina hilo kwa asili ya Kigiriki lina maana ya kaburi tupu. Saa tano kamili, jiji hunyamaza kwa dakika mbili. Mgeni yeyote anaweza kuhudhuria. Anachotakiwa ni kufika mapema, kusimama na kunyamaza.

Kimya hicho, hata hivyo, kina historia ya Afrika Mashariki ndani yake. Vita vilivyosimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918 havikusimama siku hiyo katika eneo hili. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri tarehe 25 Novemba mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Nyuma ya majeshi ya pande zote walikuwapo mamia ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika waliobeba risasi, chakula na majeruhi, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mawasiliano katika misafara hiyo. Jina la kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza, likitamkwa kwa ulimi wa Kiswahili, ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kila siku watu huabiri matatu na daladala za kwenda huko bila kujua kwamba wanalitaja jeshi la wafu.

Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Kiingereza ilianzishwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila marehemu akumbukwe kwa jina na kwa usawa. Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba kanuni hiyo ilikiukwa. Ilikadiria kwamba watu 45,000 hadi 54,000 wa asili ya Asia, Mashariki ya Kati na Afrika walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwezi huohuo.

Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, zipo sanamu za Waafrika waliotumikia vita hivyo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za maandishi yake. Zinawaheshimu wote kwa jumla, lakini hazimtaji mtu kwa jina. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili anaposimama Whitehall kwa dakika mbili, hana sababu ya kujiona mtazamaji wa msiba wa wengine. Kaburi tupu lile linaweza kuwa la babu wa babu yake. Kazi inayombakia ni ya kitaaluma: kukusanya masimulizi, nyimbo na majina kutoka kwa familia za wapagazi kabla wazee wanaoyahifadhi hawajatoweka.

6.0 Shughuli za ndani

6.1 Makumbusho

Makumbusho makuu ya taifa jijini London hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu, jambo linalomfaa sana mwanafunzi asiye na fedha. Makumbusho ya Uingereza huko Bloomsbury yalianzishwa mwaka 1753 na kufunguliwa mwaka 1759. Siku ya Ijumaa hubaki wazi hadi usiku, hivyo giza la mapema haliwi kikwazo.

Katika mkusanyo wake mna vigae vya vyombo vilivyookotwa Kilwa. Mwaka 2010 vigae hivyo vilichaguliwa kuwa miongoni mwa vitu 100 vya kusimulia historia ya dunia katika mfululizo wa redio ya BBC. Vipo vya China, vipo vya nchi za Kiislamu, na vipo vilivyofinyangwa papa hapa. Vinaonyesha kwamba utamaduni wa Waswahili ulikuwa kitovu cha biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya wakoloni.

Lakini pia kuna visivyoonekana. Ngadji, ngoma kuu na takatifu ya Wapokomo wa bonde la Tana, ilichukuliwa na maafisa wa ukoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miaka mingi imewekwa ghalani katika makumbusho hayo, mbali na macho ya umma na ya Wapokomo wenyewe. Ikumbukwe kwamba ni wimbo wa kubembelezea mtoto wa jamii hiyo uliotoa lahani ya wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963. Mwanafunzi anayepita katika vyumba vile vizuri, vyenye joto na visivyo na kiingilio, ana haki ya kufurahi na wajibu wa kuuliza.

6.2 Miswada ya Kiswahili

Hatua chache kutoka hapo, karibu na Russell Square, kipo chuo cha SOAS kilichoanzishwa mwaka 1916. Jungu kuu halikosi ukoko: maktaba yake ina mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Humo mna karatasi za William Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Kazi yake isingewezekana bila Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa aliyemkusanyia mashairi ya Muyaka bin Haji. Miswada hiyo ndiyo iliyomwezesha William Hichens kuchapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na baadaye Mohamed Abdulaziz kuutolea uchambuzi wake ushairi huo mwaka 1979.

Jina la Taylor hutajwa mara nyingi. La Sikujua hutajwa kwa nadra. Huu ni mfano mwingine wa kumbukumbu isiyo sawa. Baadhi ya miswada imekwisha wekwa kwenye intaneti, kwa hiyo hata asiyesafiri anaweza kuisoma. Kikwazo kikubwa leo si umbali wa London, bali ni uchache wa wanafunzi wanaoweza kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Ujuzi huo unaweza kupatikana Lamu na Mombasa kwa gharama ndogo kuliko tiketi ya ndege.

6.3 Jukwaa

Jumba la Shakespeare's Globe, kando ya mto Thames, lilifunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa lile la 1599. Kwa kuwa jukwaa lake liko wazi kwa mvua, baridi inapozidi maonyesho huhamia ukumbi wa ndani wa Sam Wanamaker, uliofunguliwa mwaka 2014 na unaomulikwa kwa mishumaa. Mwaka 2012, katika tamasha lililoonyesha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, waigizaji kutoka Kenya waliigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili kwenye jukwaa la Globe. Hapo Kiswahili hakikuwa ghalani wala kabatini. Kilisimama kwa miguu yake na kuchekesha watu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwisho wa msimu wa kupukutika majani jijini London una mengi ya kufanya: kutembea bustanini mchana ungalipo, kutazama fataki, kusimama katika kimya cha ukumbusho, kuzuru makumbusho, kusoma miswada na kwenda kwenye maigizo. Aidha, yameonyesha kwamba Kiswahili kipo katika jiji hilo katika hali tatu: kimenyamaziwa kwenye kaburi tupu, kimehifadhiwa kwenye maktaba, na kimesemwa kwa sauti jukwaani. Hali ya kwanza inadai utafiti, ya pili inadai wasomaji, na ya tatu inadai watunzi. Mwanafunzi atakayerudi nyumbani na picha za fataki pekee atakuwa ametembea. Atakayerudi na majina mawili matatu ya waliosahauliwa atakuwa amesoma.

Maswali ya kujadili

1. Je, ni sahihi kutumia neno "vuli" kutafsiri msimu wa kupukutika majani? Toa hoja za pande zote mbili.
2. Eleza jinsi mfumo wa saa wa Kiswahili unavyodhihirisha mazingira ya wasemaji wake.
3. Chagua mtaa mmoja katika mji wako ambao jina lake lilitokana na vita au ukoloni. Kusanya masimulizi ya wazee kuhusu asili yake.
4. "Miswada ya Kiswahili irudishwe Afrika Mashariki." Jadili.